Nasomesha wanangu nyumbani hapa Lamu, lakini hodi haziishi. Nyinyi mwafanyaje?

MamaLangoni (mwenye uzi)

Assalam aleikum jamaa. Uzi ni mrefu, nimeuandika kwa vipande siku tatu: mdogo akilala naandika, akiamka naacha. Asiye na subira apite tu, hatugombani.

Nina watoto watatu. Msichana wa miaka minane, mvulana wa mitano, na wa tatu bado wa mgongoni. Hao wawili wakubwa nawasomesha mwenyewe tangu mwaka jana. Sikuanza kwa kuiga watu mitandaoni. Msichana alikuwa skuli, Gredi ya 1, na kila jioni akinisomea kitabu chake mstari kwa mstari, kidole kinafuata maneno, nami najisifu kwa majirani. Siku moja nikaweka kiganja juu ya picha. Akanyamaza. Nikakiondoa, akasoma. Nikakirudisha, akanyamaza tena. Kumbe kitabu kizima amekihifadhi kwa ghaibu kama anavyohifadhi sura chuoni, kwa mwalimu wa Kur'ani, na picha ndiyo inayomkumbusha mstari! Mwalimu wake simlaumu. Darasa lilijaa hadi dirishani, na mtoto anayejibu kwa sauti kubwa hakuna anayemshuku.

Basi nikamtoa. Baba yao akasema, "Jaribu mwaka mmoja." Mavyaa, mamake mume wangu, ambaye twakaa naye nyumba moja, alisema maneno mengine ambayo siyaandiki hapa.

Nianze na mtaala, maana ndio kila mtu huniuliza. Wa kwanza nilitumiwa na rafiki aliyeko Nairobi, mafaili ya Uingereza, mazuri, ya rangi. Nikayapiga chapa kurasa mia na ushei, shilingi kumi kila ukurasa. Somo la kwanza lilikuwa majira manne ya mwaka. Mvulana akaniuliza huyu mtu mweupe mwenye pua ya karoti ni nani na amefanya nini. Sisi hapa tuna kaskazi na kusi, na katikati maleleji, basi. Hesabu nazo zilikuwa za peni, na mtoto wangu anajua shilingi ishirini ni mahamri mangapi. Tulikaa nao wiki tano. Karatasi zilizobaki zilifungia mahamri hayo hayo.

Nikarudi kwa wa kwetu, mtaala wa umilisi wa serikali, CBC, siku hizi wanauita CBE. Miundo yake iko kwenye tovuti ya KICD, taasisi ya serikali inayotunga mitaala, unaipakua bure, na nasema kweli: ukikaa ukaisoma kwa utulivu ina mambo ya maana. Kwa miaka hii ya chini inataka mtoto aanze na lugha ya pale alipo, na kwetu lugha hiyo ndiyo Kiswahili chenyewe, kwa hivyo nusu ya kazi imekwisha kabla hujashika chaki. Tabu yake imeandikiwa mwalimu mwenye siku nzima na darasa zima. Ina shughuli za makundi, maswali dadisi, miradi, na kila kipindi dakika 30. Mimi dakika 30 mfululizo sijaziona tangu nijifungue. Kwa hivyo nimechagua. Kusoma, kuandika na hesabu ni kila siku, hata nyumba iungue. Mazingira, usafi, sanaa na mengineyo yanakuja yenyewe. Dini, chuo kinatosha.

Nao hujifunza mahali ambapo sikutegemea. Juzi tulikuwa na silabi za mb: mba, mbe, mbi. Nikamwandikia mvulana neno "mbuzi", nikamwambia asome kisha achore. Akasoma vizuri. Akachora kigoda, na mbele yake kama kijiko chenye meno. Nikamwambia, "Mwanangu, mbuzi ana miguu minne." Akanitazama kwa huruma, akaenda jikoni akaniletea mbuzi ya kukunia nazi, akaiweka juu ya daftari. Akahesabu: mmoja, miwili, mitatu, minne. Kweli, ile yetu ina miguu minne.

Jambo jingine la kwetu ambalo sijaona mtaala ukiligusa: watoto hawa wana maandishi mawili. Chuoni wanaanza kulia kwenda kushoto, nyumbani kushoto kwenda kulia. Mvulana alifungua daftari kwa nyuma miezi miwili mizima, na 3 yake ikitazama upande mwingine. Nilishtuka nikadhani ana ugonjwa. Hana. Nimemchorea samaki mdogo kwenye pambizo la kushoto, namwambia "anzia kwa samaki", yameisha.

Na ratiba yetu ni ya mwezi. Baba yao ni mvuvi wa kamba mawe, anapiga mbizi. Bamvua, yale maji makubwa, likifika hayuko, analala huko huko visiwani na wenzake, maji yakifa anarudi. Basi masomo mapya nayaweka wakati wa maji mafu, akiwepo mtu wa kushika mdogo. Wakati wa bamvua twarudia ya zamani tu. Hesabu za kilo na bei huzifanya msichana na baba yake juu ya mizani, na hapo hata mimi simwezi, maana anajua tajiri anayenunua akikata robo kilo kimya kimya amekula ngapi.

Sasa shida yenyewe, iliyonileta hapa.

Ni mlango. Nyumba zetu mnazijua, mlango wazi, daka lina vikao viwili vya mawe, na mtu akipita asipopiga hodi ni kama amekutukana. Nikikaa na watoto ukumbini saa mbili unusu asubuhi, saa tatu kasorobo hodi ya kwanza. Wifi yangu amekuja kuniachia mwanawe kidogo, anakimbia sokoni. Hodi ya pili, jirani ana hitma Alhamisi, twende tukasaidie kuchambua mchele. Hodi ya tatu, fundi. Mavyaa naye kutoka chumbani, "Mwanangu, dawa yangu ya presha iko wapi?" Iko pale pale ilipo kila siku. Wiki ya arusi usiseme, siku saba hakuna kitabu kilichofunguliwa. Matanga, ni haki, siwezi kusema nina somo la kutoa. Lakini nikikataa hata moja ya haya madogo naambiwa neno lile lile: "Kwani wewe si uko nyumbani tu?"

Ningekuwa mwalimu wa skuli nalipwa mshahara, hakuna ambaye angekuja darasani kunipa mtoto wake nimshikie. Nifanyeje na watu hawa ninaowapenda?

---

Kitumbua

Hongera dada. Ila watoto watakosa wenzao. Watacheza na nani?

---

MamaLangoni

Lamu? Mtoto akose wa kucheza naye Lamu? Kazi yangu ni kuwapata warudi ndani. Alasiri wako chuoni na watoto thelathini, baadaye wako ufuoni hadi Magharibi. Hili ndilo swali pekee ambalo halijawahi kunikosesha usingizi.

---

BabaWatatu_Malindi

Dada, salamu kutoka Malindi. Nitakwambia yetu ingawa inaniaibisha kidogo.

Sisi ni Wakristo, tulichukua ule mtaala wa vijitabu kutoka Marekani, ACE. Kila somo vijitabu 12 kwa mwaka, mtoto anafanya mwenyewe, anasahihisha mwenyewe, akimaliza kimoja anapewa kingine. Aya za Biblia humo humo. Nilipenda kwa sababu mtu mzima hahitaji kusimama ubaoni. Mke wangu ana duka la vitambaa, nikahesabu: watoto watakaa nyuma ya duka, watajaza vijitabu, yeye anauza. Hesabu yangu ilikuwa safi sana kwa sababu sikuwa ndani yake.

Miaka miwili. Mimi natoka kazini saa kumi na mbili, swali la kwanza mlangoni: "Wamefika kijitabu cha ngapi?" Nilikuwa najiona baba anayejali. Siku moja mke wangu akanipa vijitabu vyote mkononi, akasema, "Mkaguzi, leo fundisha wewe," akaenda kwa dada yake Watamu akalala huko siku mbili. Siku ya pili saa nne asubuhi nilikuwa nimeshapiga kelele mara tatu na kulia mara moja, msalani.

Tukawarudisha shule. Kusoma Kiingereza walikuwa mbele ya darasa. Kiswahili, aibu tupu. Vijitabu vyote vilikuwa vya Kiingereza, na mwanangu mkubwa, mtoto wa Pwani, aliandika insha yake ya kwanza kwa sentensi nne. Wewe hapo umetuzidi, usibabaishwe na mtu mwenye kasha la vitabu vya ng'ambo.

Kwa hivyo swali langu kwako: baba yao akirudi kutoka baharini huuliza nini?

---

MamaLangoni

Huuliza kuna chakula gani 😂. Lakini umenigusa. Mkaguzi ninaye, si yeye. Ni mavyaa.

---

Nahodha

Mpe mavyaa darasa.

---

BintiShela

Mimi niko Shela, nina mmoja tu, PP2, mwaka wa mwisho wa chekechea. Kwa upande wa mlango nilifanya hivi: nikatundika leso mlangoni kila asubuhi. Nikawaambia majirani leso ikiwepo tuko kwenye kitabu, ikitolewa karibuni hata kwa chai. Wiki ya kwanza hodi ziliongezeka, maana kila mtu alikuja kuuliza leso hii ya nini. Mmoja alidhani nauza. Wiki ya tatu wakazoea. Sasa wanapita, wanasema kwa sauti "Leso iko!" na kuendelea. Nayo ni kelele, lakini ya nukta moja.

Ila nimeanza mapema. Baada ya Alfajiri mtoto hajalala tena, na hakuna mtu anayepiga hodi saa kumi na mbili unusu. Tunamaliza kusoma na hesabu kabla ya chai. Yule mwalimu wa Uingereza wa zamani, Charlotte Mason, aliyefariki 1923, alishikilia kwamba mtoto mdogo somo lake lisizidi dakika kumi na tano, ishirini. Mimi nimechukua hilo moja kwake, mengine nimemwachia. Dakika kumi na tano mara tatu, tumemaliza, na jua bado halijafika kiwandani, uani mwa nyumba.

---

Kitumbua

Saa kumi na mbili unusu mimi ndio nageukia upande wa pili.

---

Mwalimu_Mstaafu

Mabinti zangu, hamjambo. Nimesoma uzi wote na nimefurahi, hasa mbuzi. Nimefundisha darasa la kwanza miaka mingi, na mchezo wa kufunika picha kwa kiganja ningeufanya kila Ijumaa kama ningekuwa na viganja vya kutosha.

Lakini niruhusuni nitie chumvi. Mmezungumza mlango, hamjazungumza serikali.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 30, inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria shule au taasisi nyingine iliyoidhinishwa. Asiyefanya hivyo akipatikana na hatia anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Sisemi chifu atakuja kesho. Nasema usijibu chifu akija kwamba hukuambiwa. Weka daftari zenye tarehe, weka kazi za watoto, zungumza na mwalimu mkuu wa shule ya karibu kabla hajasikia habari zako kwa watu.

La pili, ambalo kwangu ndilo kubwa. Msichana ana miaka minane, yaani mwakani ni Gredi ya 3. Hapo ndipo KNEC, baraza la mitihani, huanza kumsajili mwanafunzi na kumpa namba ya tathmini atakayoibeba hadi Gredi ya 9. Namba hiyo hupitia shule, mama hawezi kuifuata mwenyewe dirishani. Gredi ya 6 kuna KPSEA, na watu hudhani ni mtihani wa kupoteza wakati kwa sababu haufelishi mtu. Sivyo. Kwenye kupangiwa sekondari ya juu, KPSEA ina asilimia 20, tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8 zina asilimia 20, na KJSEA ya Gredi ya 9 ina 60. Mtoto aliyekaa nje hadi miaka kumi na mitatu akaja na akili zake zote ana shimo ambalo akili haizibi.

Kama mnafikiria Cambridge, mtaala wa Uingereza, ni njia nyingine kabisa, ina gredi zake na mitihani yake hadi IGCSE, na ada yake ni ya kituo cha mtihani, ya karatasi na ya nauli. Amueni mapema. Kilichowaumiza wazazi niliowaona ni kuhama katikati, mwaka huu huku, mwaka ujao kule, mtoto anaanza kila kitu upya.

Mvulana wa miaka mitano mwache hapo alipo, anakwenda vizuri. Cheti chake cha kuzaliwa mnacho?

---

MamaLangoni

Shikamoo mwalimu. Umeniondolea usingizi lakini ahsante. Cha msichana kipo. Cha mvulana kina herufi moja ya jina la babu yake iliyokosewa, niliambiwa nirudi, nikarudi, nikaambiwa nirudi. Nitarudi.

Kweli sikujua kuhusu Gredi ya 3. Nilikuwa nahesabu kama wa zamani, nikidhani mtihani ni mmoja tu mwishoni.

---

BabaWatatu_Malindi

Mwalimu, hiyo ya kuhama katikati imenipata mimi moja kwa moja.

---

Kitumbua

Mimi bado niko kwa Nahodha. "Mpe mavyaa darasa." Mtu kaandika maneno matatu akaondoka.

---

MamaLangoni (wiki mbili baadaye)

Nimerudi. Bamvua hili lote nimekuwa nikijaribu mambo yenu.

Leso haikufanya kazi mtaani kwetu Langoni. Siku ya kwanza wifi yangu aliifunua, akaingia, akasema, "Leso nzuri, umeinunua wapi?" Mapema baada ya Alfajiri imefanya kazi kwa msichana. Mvulana husinzia juu ya samaki wake.

Ya Nahodha niliiogopa, lakini nilijaribu. Nilimwendea mavyaa usiku, nikakaa chini, nikamwambia, "Maa, nimeshindwa na huyu mdogo asubuhi. Nakuomba unisaidie." Sikumwambia mtaala wala ratiba. Akanyamaza kidogo, akauliza, "Anataka kujifunza nini?" Nikasema chochote unachojua wewe. Akacheka, akasema basi tutamaliza mwaka.

Skuli hakwenda hata siku moja. Herufi za Kizungu hajui. Anasoma Kur'ani, na anasoma Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, barua za marehemu mumewe bado anazo. Na anasuka. Sasa saa tatu mvulana yuko naye kiwandani juu ya mkeka na miyaa, anafundishwa ukili wa njia saba, na huwezi kusuka njia saba bila kuhesabu. Akikosea, bibi hamwambii umekosea. Anamwambia, "Hesabu." Mtoto anarudi nyuma mmoja mmoja mpaka anauona ule uliopotea. Mimi nilimpa kutoa kwa vijiti mwezi mzima na hakuielewa. Na vitendawili, kila siku vitatu, kimoja lazima akibebe hadi kesho bila jibu.

Sasa mlango. Siku ya nne, saa tatu na robo, hodi. Mimi na msichana tuko ukumbini, nakaribia kuinuka. Nikasikia kutoka kiwandani sauti ambayo sijawahi kuisikia ikitetea kitu changu: "Hodi ya nani? Twasomesha hapa! Njoo Adhuhuri!"

Twasomesha! Wifi akarudi na mtoto wake mkononi. Jioni alikuja kuniuliza kama mamake ni mgonjwa.

Msidhani nimefika peponi. Mavyaa sasa ana maoni juu ya somo la msichana pia, anayatoa kutoka kiwandani bila kuinuka. Hitma na arusi ziko pale pale. Wiki ijayo ana arusi ya mjukuu wa dada yake, na mwalimu mkuu wa kiwandani ndiye atakayekuwa wa kwanza kufunga skuli.

Kwa mwalimu: nilikwenda kwa skuli ya karibu. Mwalimu mkuu alinisikiliza vizuri kuliko nilivyotarajia, akaomba kuona daftari. Tumekubaliana msichana aingie Januari, Gredi ya 3, apate namba yake na wenzake. Alimpa kitabu asome, na mimi, Mungu anisamehe, nikanyoosha mkono nikafunika picha. Akasoma. Akanitoa mkono akasema, "Mama, acha."

Mvulana anabaki nyumbani mwaka mmoja zaidi. Naye ana jambo lake jipya. Bibi yake humwonyesha namba za aya kwenye juzuu, kwa hivyo tarakimu amezijua za upande ule pia. Mnajua tano ya Kiarabu ilivyo, kiduara tu. Jana nilimpa hesabu tano, zote za kujumlisha. Ya mwisho aliandika:

0 + 0 = 10

Nimempa tiki.